Mwalimu kwa Kila Mwanafunzi? Uhakiki wa Kitabu cha Salman Khan kwa Mahitaji ya Chuo cha Theolojia

Katika vyuo vyetu vya theolojia suala la akili mnemba limejadiliwa hasa kama suala la nidhamu: mwanachuo ameandikiwa insha na mashine, je, aadhibiwe namna gani? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mhadhiri anayefundisha kwa njia ya mtandao, au anayefundisha darasani huku kila mwanachuo akiwa na mashine hiyo mfukoni, afundisheje hata mwanachuo ajifunze kweli? Kitabu cha Salman Khan, Brave New Words, kilichotolewa mwaka 2024, kinajaribu kulijibu. Kwa kuwa kinatajwa mara nyingi katika mijadala ya elimu, tumeona inafaa tukipime kwa mahitaji ya watu wanaoandaliwa kwa huduma ya Neno na Sakramenti, jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakulikusudia.

Khan si mgeni katika kazi hii. Mwaka 2004 alianza kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, na mwaka 2008 akaanzisha Khan Academy, taasisi isiyo ya faida inayotoa masomo bure mtandaoni. Mwezi Machi 2023, miezi michache baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, taasisi yake ilitoa Khanmigo, mwalimu msaidizi aliyejengwa juu ya akili mnemba iitwayo GPT-4. Msomaji akumbuke, basi, kwamba mwandishi anakisifu chakula kilichopikwa jikoni mwake. Hilo halikifanyi kitabu kuwa cha uongo, ila latutaka tukisome tukiwa macho.

Hoja kuu ya kitabu ni rahisi kuieleza. Tangu zamani watoto wa wafalme na matajiri walipewa mwalimu wa peke yao. Wengine wote walikusanywa darasani. Sasa, asema Khan, mashine inaweza kumpa kila mwanafunzi mwalimu wake. Ushahidi anaoutegemea ni makala ya Benjamin Bloom ya mwaka 1984, iliyodai kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake aliwashinda 98 kati ya wanafunzi 100 wa darasa la kawaida.

Nguzo hii ni fupi kuliko inavyosimuliwa. Bloom alitegemea tasnifu za wanafunzi wake wawili, zilizohusu masomo ya muda mfupi. Tena wale waliofundishwa peke yao walipewa pia majaribio na masahihisho ya mara kwa mara, na walitakiwa kufikia alama za juu kabla ya kuendelea mbele. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti yote ilitokana na kuwa na mwalimu wa peke yao. Kurt VanLehn alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2011 aliona kwamba faida ya mwalimu wa mtu mmoja, kwa kipimo kile ambacho Bloom alikipa 2, ilikuwa 0.79. Faida hiyo bado ni kubwa, wala hatuidharau. Lakini mchungaji anayejenga mahubiri yote juu ya aya moja bila kutazama muktadha wake hukosolewa na wenzake, na mwandishi wa elimu naye astahili kukosolewa vivyo hivyo.

Penye nguvu zaidi katika kitabu ni pale Khan anapotofautisha mashine inayotoa jibu na mashine inayouliza. Khanmigo imetengenezwa ili isimpe mwanafunzi jawabu, bali imrudishie swali: umefikaje hapo? hatua inayofuata ni ipi? Walutheri hatuna sababu ya kushangaa. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 imejengwa juu ya swali fupi la maana, linalorudi baada ya kila amri na kila ombi, na kizazi baada ya kizazi cha wanakipaimara kimelijibu.

Hata hivyo utafiti uliofanywa katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, na kuchapishwa mwaka 2025, unatutaka tusikimbilie kushangilia. Wanafunzi wapatao elfu moja walifanya mazoezi ya hesabu katika makundi matatu. Kundi moja halikuwa na mashine. La pili lilitumia akili mnemba kama ilivyo, nalo likafanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. La tatu lilitumia mashine iliyozuiliwa kutoa majibu, yenye vidokezo vilivyoandaliwa na walimu, nalo likapanda kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa na mtihani ukafanywa. Kundi la pili lilipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwa wamegusa mashine kabisa. Kundi la tatu halikupata hasara hiyo, lakini halikuwazidi wale wasio na mashine.

Matokeo haya yanamuunga mkono Khan kwa nusu: mashine inayouliza ni salama kuliko inayojibu. Nusu ya pili yanampinga, kwa maana kazi nzuri iliyofanywa mbele ya mashine haikuthibitika kuwa elimu iliyobaki kichwani. Na huduma yetu ni ya namna ya mtihani ule wa mwisho. Mchungaji aitwapo usiku kwenye nyumba yenye msiba huwa na Biblia, kitabu cha liturujia, na kile kilichobaki ndani yake.

Tutoe mfano kutoka darasa la Agano Jipya. Katika Warumi 3:22 na Wagalatia 2:16 Mtume anatumia maneno ya Kiyunani pistis Christou, na wafafanuzi wamebishana kwa miaka mingi: je, ni imani tuliyo nayo sisi kwa Kristo, au ni uaminifu wake Kristo mwenyewe? Mwanachuo akiiuliza mashine atapewa, kwa dakika moja, orodha ya hoja za pande zote mbili, kwa lugha laini na mpangilio mzuri. Atainakili na kupata alama. Lakini Mswahili anao mlango wake wa kuingilia katika swali hili, nao umo katika kiunganishi kidogo, “ya”. Tukisema “imani ya Kristo”, lugha yetu inabeba maana zote mbili, kama Kiyunani kinavyozibeba. Mwenye Kiingereza akisema “imani katika Kristo” amekwisha kuchagua. Mwanachuo aliyekaa na aya hiyo, akaisoma kwa Kiyunani na kwa Kiswahili, akajiuliza bibi yake kijijini anasikia nini aya hiyo inaposomwa kanisani, amejifunza jambo ambalo orodha haikumpa. Mashine ingeweza kumsaidia kulifikia, kama angejua kuiuliza. Na kujua cha kuuliza ndiko hasa tunakotaka kumfundisha. Hapa kitabu kinapita haraka mno. Kinamchukulia mwanafunzi kuwa mtu mwenye hamu ya kujua, kumbe mhadhiri yeyote aliyesahihisha insha mwishoni mwa muhula anafahamu kwamba hamu nyingine ni ya kumaliza.

Lipo jambo jingine ambalo Khan analifurahia na ambalo sisi hatuna budi kulikataa, angalau katika umbo analolitoa. Mashine inaweza kujifanya mtu wa historia au wa riwaya, na mwanafunzi akazungumza naye. Kwa somo la fasihi huenda hakuna madhara makubwa. Lakini tufikiri juu ya mwanachuo anayezungumza na “Luther”. Ni Luther yupi? Yule wa mwaka 1523, aliyewataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upole, au yule wa mwaka 1543, aliyeandika juu yao maneno makali ambayo makanisa mengi ya Kilutheri yameyakana hadharani? Mwanahistoria huuliza kwanza mwaka, mahali na sababu ya maandiko. Sauti moja ya kupendeza inayojibu kila kitu inamfundisha mwanachuo kutouliza.

Kwa Mtume Paulo hatari ni kubwa zaidi. Tunazo nyaraka 13 zenye jina lake, na penye ukimya wake hatuna ruhusa ya kusema kwa niaba yake. Tena katika 1 Wakorintho 7 yeye mwenyewe anatenganisha kwa uangalifu kati ya agizo la Bwana na shauri lake mwenyewe, na kuhusu wanawali anakiri kwamba hana amri kutoka kwa Bwana. Mtume alijua mpaka wa mamlaka yake na akautaja. Mashine inayovaa jina lake haina mpaka huo. Itajibu juu ya mahari, juu ya mikopo ya benki, juu ya uchaguzi wa askofu, na yote kwa sauti ya waraka.

Khan anaandika kana kwamba elimu ya mbali yenye kumfuata mwanafunzi alipo ni jambo la siku hizi. Kanisa lina kumbukumbu ndefu zaidi. Elimu ya Theolojia kwa Enezi ilianzia Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Kipresbiteri, baada ya kuonekana kwamba seminari iliwatoa vijana vijijini na wengi hawakurudi kuhudumu huko, hali wale waliokuwa viongozi halisi wa sharika, watu wenye familia na mashamba, hawakuweza kuhamia chuoni. Basi seminari ikawafuata kwa vitabu vya mazoezi na mikutano ya kila juma. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Mwanaelimu Ted Ward wa Marekani aliueleza kwa mfano wa uzio wa mbao. Ubao mmoja wa kulala ni masomo ya nyumbani. Ubao wa pili ni kazi ya huduma usharikani. Na nguzo zilizosimama, zinazoshika mbao zote mbili, ni mikutano ya wanafunzi na mwalimu. Kwa maoni yetu mfano huu unapima somo la mtandaoni vizuri kuliko kipimo cha Bloom. Akili mnemba inaweza kuuimarisha ubao wa kwanza sana: mazoezi ya vitenzi vya Kiyunani, maswali ya historia ya Kanisa, maelezo mapya kwa asiyeelewa yale ya kwanza, hata saa sita usiku. Ubao wa pili haiugusi. Nguzo haiwezi kuwa. Aliyewahi kuongoza kundi la Enezi anakumbuka jinsi kitabu cha mazoezi kilivyoweza kujazwa chote, nafasi zote, kwa kutazama cha jirani, na jinsi mkutano wa Jumamosi ulivyolifichua jambo hilo katika dakika tano za kwanza.

Luther, katika dibaji yake ya mwaka 1539, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Tafakari kwake ilikuwa kuyarudia maneno ya Maandiko kwa sauti, tena na tena, bila kuyachoka. Mashine imetengenezwa kwa ajili ya kufupisha. Na majaribu hayana njia ya mtandao. Mwezi Juni 2023, wakati wa Kirchentag, ule mkutano mkubwa wa Waprotestanti wa Ujerumani, ibada iliyoandaliwa karibu yote kwa ChatGPT ilifanyika Fürth, mbele ya watu zaidi ya 300, na mahubiri yalitolewa na sura za watu kwenye skrini. Tunaitaja kwa sababu moja tu: sura ile iliyohubiri juu ya kutoogopa mauti haikuwa na mauti ya kuogopa.

Katika utekelezaji, tunaafikiana na Khan zaidi ya inavyoweza kuonekana. Anapendekeza kwamba mwanafunzi aandike insha yake akiongozwa na mashine, na mashine imweleze mwalimu jinsi insha ilivyoandikwa. Ni shauri jema, na katika somo la homiletiki tungeomba mazungumzo yote yaambatishwe na mahubiri, kwa sharti kwamba mwanachuo amekaa na aya yake siku tatu kabla ya kufungua simu. Lakini taarifa hiyo inaeleza njia iliyopitwa, haielezi kilichobaki. Kwa hiyo kila insha kubwa ifuatwe na mahojiano ya ana kwa ana, mwanachuo akiwa na Biblia na Agano Jipya la Kiyunani tu. Darasa la wanachuo 40, kwa dakika 15 kila mmoja, ni saa 10 za mhadhiri. Khan anasema mashine itampunguzia mwalimu saa za kuandaa masomo na kusahihisha. Basi saa hizo zipelekwe huko, wala zisigeuzwe na uongozi wa chuo kuwa sababu ya kumwongezea mhadhiri darasa jingine.

Suala la gharama kitabu hakilipuuzi, ila kinaliona kutoka nchi ambayo umeme na mtandao havikatiki ovyo. Mwinjilisti anayesoma akiwa usharikani hununua bando kwa siku, na pengine simu janja ni ya mwenzi wake. Somo la video la saa moja linaweza kummalizia bando la juma, hali faili la maandishi na ujumbe wa sauti wa dakika nane vingemfikia kwa gharama ndogo. Kabla ya somo kutangazwa kuwa la mtandaoni, mhadhiri awaulize wanachuo wake wana simu za namna gani, mtandao unapatikana kwao saa ngapi, na nani anaulipia; na majibu hayo yafikishwe kwa mhasibu wa chuo pamoja na kwa mkuu wa masomo.