Ligasi ya Ubikuitini na Sitiari ya Ufagio

Katika maelezo mepesi ya saratani, ligasi za ubikuitini mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa wafagiaji wa seli. Sitiari hii yavutia kwa wepesi wake, walakini yapotosha mara mbili, na upotofu wa pili ndio mzito.

Kwanza, ligasi haifagii wala haikati. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufunga: kimeng'enya hiki huichagua protini na kusimamia ifungwe ubikuitini, protini ndogo ya asidi-amino 76. Kukatakata ni kazi ya proteasomu. Apigaye alama mti wa kuangushwa siye mwenye shoka.

Pili, takataka ni kitu kisichofaa. Ama protini p53, ambayo huizuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike, si takataka hata kidogo. Hata hivyo ligasi iitwayo MDM2 huitia alama. MDM2 ikizidi, kama ionekanavyo katika baadhi ya saratani za mafuta ya mwili, mlinzi huondolewa nyumba ingali yamhitaji. Kirusi cha papiloma cha aina ya 16, kisababishacho saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huua wanawake wengi Afrika Mashariki, kina hila zaidi: protini yake E6 huiazima ligasi ya seli yenyewe, E6AP, na kuielekeza kwa p53. Je, huko nako ni kufagia? Kinyume chake ni VHL. Ikiharibika katika figo, protini HIF haitiwi alama. Hubaki ikiita mishipa ya damu, na uvimbe hulishwa. Basi ligasi moja hudhuru kwa kuzidi, nyingine kwa kukosekana. Ufagio hauna nafasi ya tofauti hiyo, nayo ndiyo iongozayo tiba: dawa za kuizuia MDM2 zajaribiwa, hali pale VHL ilipoharibika hulengwa HIF.

"Busu la mauti", sitiari iliyoenea tangu Ciechanover, Hershko na Rose walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004, ni bora kidogo, maana yatenga alama na kifo. Lakini si kila alama ni ya mauti. Nyingine huita msaada wa kutengeneza DNA, na BRCA1, ambayo kasoro yake huzidisha hatari ya saratani ya matiti, ni ligasi ishirikiyo kazi hiyo.

Neno "kitia-alama" lafaa zaidi, kwa kuwa halitangulizi hukumu. Upungufu wake ni kutoitaja alama yenyewe. Katika vitabu vya sayansi yafaa liandikwe "kitia-ubikuitini", ijapokuwa ni zito mdomoni.