Kusoma In Bibi's Kitchen jikoni Mchinga

Nilimpelekea bibi yangu kitabu cha mapishi ambacho hawezi kukisoma. Kwanza kimeandikwa kwa Kiingereza. Pili, mtoto wa jicho ameshamfunika jicho la kulia, na la kushoto liko njiani. Lakini jina lake yeye liko pale juu kwenye jalada: In Bibi's Kitchen. Nikaona si vizuri kitabu cha mabibi kizunguke dunia nzima halafu kisifike Mchinga.

Kitabu ni cha Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu, akishirikiana na Julia Turshen, mwandishi wa vitabu vya mapishi wa Marekani. Kilitoka 2020. Kimekusanya mapishi na mazungumzo ya mabibi kutoka nchi 8 za Afrika ambazo, kwa mujibu wa jalada, zinagusa Bahari ya Hindi: Eritrea, Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Komoro. (Eritrea iko Bahari ya Shamu, lakini tusigombane na jalada.) Hassan mwenyewe aliondoka kwa mama yake akiwa mtoto mdogo, vita ikiwa imewatoa Somalia na kuwaweka kwenye kambi ya wakimbizi Kenya. Akapelekwa Seattle, familia yake ikaishia Norway, na ikapita miaka mingi kabla hawajaonana tena. Ukilijua hilo unakisoma kitabu kwa namna nyingine. Huyu ni mtu aliyekosa jiko la mama yake, ndiyo maana akageukia majiko ya wanawake wengine.

Mimi sina kisingizio hicho. Basi la kutoka Dar linanishusha Mchinga siku hiyohiyo, na bado nimefika miaka yangu hii bila kujua kupika chapati za maji za bibi.

Nilianza kumsomea kuhusu canjeero ya Wasomali, nikitafsiri papo kwa papo. Nikamweleza: uji wa unga unaachwa usiku uchachuke, asubuhi unamiminwa kwenye kikaango na kusambazwa kwa kuzungusha upawa kutoka katikati kwenda nje. Haigeuzwi, inaiva upande mmoja tu, na juu inatoboka matundu madogomadogo. Wengine huila kwa mafuta ya ufuta na sukari, na chai pembeni.

"Ufuta?" akauliza bibi. "Mafuta yake wanamiminia chapati?"

"Ndiyo bibi."

"Sisi wetu unaenda mnadani. Haya, endelea, mke mwenzangu."

Hakushangazwa na canjeero yenyewe. Aliielewa kabla sijamaliza. Nikaongeza ya Waeritrea na Waethiopia, injera, inayopikwa kwa unga wa tefu, nayo ya upande mmoja na yenye macho. Nikamtajia rakhal ya Waomani, inayopakwa kwa mkono kwenye bamba la moto mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi. Nikafika mpaka Bretagne, Ufaransa, ambako za chumvi wanapika kwa unga wa buckwheat, ambao si ngano, na za sukari kwa unga wa ngano. Huko kuna siku yake kabisa, tarehe 2 Februari, na wapo wanaogeuza krepu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika sarafu, kutafuta baraka ya mwaka. Hilo la sarafu ndilo lililomchekesha. "Ya kwanza lazima iwaharibikie," akasema, "na hela yao mkononi." Warusi nao wana methali ya hiyo ya kwanza kutoka na mabonge. Yaani kila penye uji na kikaango, watu wamegundua jambo lilelile.

Kwenye kurasa nyingi za mapishi za Kiingereza, chapati ya maji hutambulishwa kama "krepu ya Waswahili". Sijui kwa nini linaniudhi. Labda kwa sababu jina letu lenyewe tayari ni la kuazima: chapati tulipewa na Wahindi, na hii ya maji wala haifanani na chapati ya India, haikandwi, haisukumwi. Watu wa pwani walichukua neno lililokuwa karibu wakaliongezea "maji", kazi ikaisha. Zanzibar utasikia mkate wa maji. Huo ndio ufundi wa kutaja vitu. Kuja kuibandika krepu juu yake ni kama kumtambulisha mtu kwa jina la jirani yake. Hassan, na hapa namsifu kwa dhati, ameacha majina ya vyakula yabaki yalivyo.

Ninapogombana na kitabu ni mahali pengine. Mazungumzo ni mazuri sana. Mabibi wanaulizwa nyumbani ni wapi, wanasema wanavyotaka, mmoja kwa ufasaha, mwingine kwa mkato. Halafu unafungua ukurasa wa pishi, na sauti imekatika. Inabaki vikombe, vijiko, dakika. Ni lugha safi ya jiko la Marekani, ambako kila pishi linatakiwa limfae mtu asiyewahi kukaa na bibi huyo. Naelewa sababu: kitabu cha mapishi kisichopikika ni picha tu. Lakini bibi aliyekuwa anazungumza ukurasa uliopita ameenda wapi?

Nasema hivi kwa sababu nami nimefanya kosa hilohilo. Safari iliyopita nilikuja na mizani ndogo ya jikoni. Kila bibi alipochota unga kwa konzi nilimzuia, nikapima, nikaandika. Unga wa mchele hivi, wa ngano hivi, tui la pili hivi, yai moja, iliki, chumvi ya kuonja. Nikarudi Dar, nikafuata karatasi yangu gramu kwa gramu. Zilitoka kama mpira wa kandambili.

Nilipomweleza, hakuuliza vipimo. Aliuliza, "Ilisemaje?"

"Nani?"

"Chapati. Ulipomimina ilisemaje?"

Sikuwa nimesikiliza. Sasa macho yake yamepungua, anapika kwa masikio, na nadhani ndivyo alivyopika siku zote ila mimi nilikuwa naangalia mikono. Ikipiga kelele, kikaango kimezidi moto, itashika kabla hujaisambaza. Ikinyamaza, moto haujafika, itakunywa mafuta. Inatakiwa iseme kidogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto msikitini. Mafuta anapaka kwa nusu ya kitunguu, siyo kwa kumimina. Uji anaupumzisha "mpaka upoe hasira", na hapo ndipo mizani yangu ilipokwama, kwa sababu hasira ya uji wakati wa kaskazi na hasira ya uji wakati wa kusi si moja.

Hilo ndilo ninalolikosa kwenye ukurasa wa pishi. Sidai vikombe viondolewe, nataka na mlio uandikwe. Mama yangu alizijua chapati hizi na hakuandika chochote, alifariki nazo. Baada ya bibi hakuna mwingine nyumbani kwetu. Kwa hiyo nikisema kitabu cha Hassan kina upungufu, nakisema nikiwa na karatasi ya gramu mkononi na chapati za mpira nyuma yangu. Kitabu chake angalau kiliwafikia mabibi wenyewe, kikaweka picha zao kwa heshima, na maneno yao mbele ya vyakula.

Jioni ile tulipika. Nilifumba macho nikamimina. Ya kwanza iliharibika, kuku wakafaidi. Ya pili ilisema, bibi akaguna. Ya tatu akaipokea kwa vidole, akaikunja mara nne, akala bila kusema neno, halafu akajifutia mkono kwenye kanga.

"Kuna bibi wa Msumbiji humo ulisema?"

"Yupo."

"Hao ni wenzetu, Ruvuma tu katikati. Nisomee huyo. Na vikombe vyake uviruke."