Mwanga wa chini ya meza: betri kwanza, taa baadaye

Mpambaji anayefanya kazi kati ya Nsungwi, kule Area 25 jijini Lilongwe, na kambi ya Dzaleka wilayani Dowa hawezi kupanga taa zake kwa kutegemea soketi ya ukutani. Malawi hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mto Shire. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha Kapichira, takriban megawati 130 zilitoka kwenye gridi kwa mkupuo, na mgawo uliofuata uliwafundisha watu wa sherehe kutouamini umeme. Jenereta nayo inataka petroli, na foleni za petroli Malawi zimekuwa ndefu. Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 kwa watu wapatao elfu kumi na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000, ina nyumba nyingi zinazoishi kwa sola na tochi. Tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, harusi za familia hizo zimerudi nao, na nyingine hufanyika chini ya turubai mahali pasipo na nguzo ya umeme hata moja karibu.

Hapo ndipo taa za LED za mkanda zinazotumia betri, zile zinazofichwa chini ya meza ili kitambaa king'ae chenyewe, zinapopata maana yake. Hakuna waya wa kumkwaza mgeni gizani, hakuna kelele ya jenereta wakati wazazi wanazungumza, na umeme ukikatika ukumbi haupotezi sura yake. Lakini nimeona meza nyingi zikizimika kabla keki haijakatwa. Sababu karibu kila mara ni ileile: taa zilinunuliwa kwanza, betri ikatafutwa baadaye.

Tuanze na hesabu. Mkanda wa kawaida wa volti 12 wenye vitaa vidogo 60 kwa mita hula takriban wati 4.8 kwa kila mita. Rola moja ni mita 5, na meza ya duara yenye upana wa mita 1.5 ina mzunguko wa mita 4.7. Kwa hiyo mpambaji huona ni jambo la wazi: rola moja, meza moja, unazungusha ukingoni na kazi imekwisha. Mzunguko huo unakula zaidi ya wati 22. Kwa saa sita ni karibu wati-saa 135. Pawabanki iliyoandikwa mAh 10,000 imebeba wati-saa 37 tu, kwa kuwa hesabu ya kiwandani hupigwa kwa volti 3.7 za seli iliyo ndani, na sehemu ya hizo hupotea wakati wa kupandishwa kufikia volti zinazotakiwa. Meza hiyo itakuwa giza muda si mrefu baada ya saa ya kwanza.

Mita moja badala ya tano hubadilisha kila kitu. Wati 4.8 kwa saa sita ni wati-saa 29. Pakiti ya seli sita za lithiamu za aina ya 18650, zile za duara zinazopatikana ndani ya betri za kompyuta mpakato za zamani, zikiungwa tatu kwa mfuatano na safu mbili kwa sambamba, hutoa karibu wati-saa 48 kama kila seli bado ina mAh 2,200. Inatosha, na akiba ipo. Ukiongeza kidhibiti cha kupunguza mwanga na kukiweka nusu, muda unakaribia kuwa maradufu huku mgeni akiona tofauti ndogo tu, kwa sababu jicho la binadamu halipimi mwanga kwa mstari ulionyooka. Nusu ya nguvu haionekani kuwa nusu ya mwanga. Huu ni ubanaji mkubwa wa betri, na haugharimu karibu kitu. Tahadhari moja kwa wanaotumia pawabanki: baadhi yake hujizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo mno, zikidhani simu imeshajaa. Ijaribu kwa mwanga wa chini kabisa utakaoutumia, usiku mzima, kabla ya siku yenyewe.

Sasa rangi, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Mikanda ya rangi zinazobadilika huuzwa na rimoti yenye vitufe vingi, na kamati za harusi huipenda kwa sababu inaahidi zambarau leo na dhahabu wiki ijayo. Ndani yake kuna vitaa vya aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kitaa chekundu huhitaji takriban volti 2 kuwaka, cha buluu hukaribia 3.1. Katika mkanda wa volti 12 vitaa hupangwa vitatu vitatu kwa mfuatano, kwa hiyo safu nyekundu inataka volti 6 na ya buluu zaidi ya 9. Pakiti ya seli tatu ikiwa imejaa ina volti 12.6; ikikaribia kuisha inashuka kuelekea 9. Fuatilia kinachotokea. Mwanzoni zambarau ni zambarau. Volti zinaposhuka buluu inafifia kwanza, kijani kinaifuata, nyekundu inabaki. Meza iliyokuwa ya zambarau saa mbili usiku inakuwa ya waridi saa nne, na saa tano ni nyekundu. Kibaya zaidi, kila meza ina betri yenye umri wake, hivyo meza ya wazazi wa bibi harusi inakuwa nyekundu wakati ya jirani bado ina rangi yake. Watu hudai taa ni feki. Mara nyingi taa ni nzima, ila volti za betri zimeshuka chini ya kiwango ambacho buluu inakihitaji.

Ndiyo maana napendekeza mkanda wa rangi moja, nyeupe yenye joto, ya kelvini 2,700 hadi 3,000. Nao kwa ndani ni vitaa vya buluu vilivyopakwa unga wa njano unaogeuza mwanga kuwa mweupe.  Betri ikishuka, mkanda huu unapungua mwanga wote kwa pamoja, rangi haigeuki sana, na hakuna mgeni atakayenyoosha kidole. Anayetaka rangi ya sherehe aiweke kwenye maua na leso.

Kitambaa kina uamuzi mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua tochi ya simu, ishike nyuma ya kitambaa cheupe cha poliesta kwa umbali wa sentimita 5: unaona nukta kali. Irudishe hadi sentimita 30: nukta inatoweka na kitambaa kizima kinang'aa. Jaribio hilo linaeleza kwa nini kuzungusha mkanda ukingoni ni kosa hata ukiwa na betri za kutosha. Taa zinagusa kitambaa, na mgeni anaona msururu wa nukta. Mwanga unatakiwa uanzie katikati. Njia ninayoiona bora ni kipande cha bomba la plastiki la milimita 110, kimeviringishwa mkanda wa mita moja, ambao unakizunguka karibu mara tatu, kisha kufungwa kwa kamba za plastiki chini ya ubao wa meza, katikati. Kikiwekwa sakafuni, miguu ya wageni hutupa vivuli vikubwa kwenye kitambaa na mtu mmoja atakipiga teke. Gundi ya mkanda usiitegemee, hasa Dzaleka, ambako vumbi huingia kila mahali. Vitambaa vya rangi nzito humeza mwanga karibu wote, na vitenge ni vizuri juu ya meza kama pambo, lakini visishuke hadi sakafuni.

Saa ya kuwasha ni suala jingine. Jua huzama Lilongwe kama saa kumi na moja na nusu jioni mwezi Juni, na baada ya saa kumi na mbili na robo Januari. Harusi nyingi za Wamalawi huanza mchana, na perekani-perekani, pale wageni wanapocheza mbele na kurusha noti kwa maharusi, inaweza kuisha jua likiwa bado nje. Taa iliyowashwa saa tisa mchana inachoma betri bila kuonekana na mtu. Baadhi ya sherehe za Wakongo na Warundi wa kambini hukesha zaidi, na hapo taa hizi hulipa. Mkabidhi kijana mmoja swichi zote na umwambie azipitie meza kiza kinapoingia, akianzia meza kuu.

Limebaki la moto, na sitaki kulipita haraka. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta zilizokufa hazina nguvu sawa. Iliyo dhaifu huisha kwanza, na zenzake huendelea kuisukuma hadi inaharibika. Ikija kuchajiwa tena inaweza kupata joto kali na kuwaka. Poliesta ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi, na chini ya meza ndipo watoto wanapojificha kucheza. Kila pakiti lazima iwe na ubao mdogo wa ulinzi unaokata umeme seli zikichajiwa kupita kiasi, zikiisha mno au waya zikigusana. Iwe na fyuzi ya ampea 1 au 2, na ikae ndani ya kopo lenye kifuniko. Mafundi wanaozikusanya seli hizi wanaujua ubao huo, na bei yake ni ndogo kuliko ya kitambaa kimoja cha meza. Wapambaji wa Dzaleka na Nsungwi, pakiti mtakayokabidhiwa bila ubao huo mrudishieni fundi siku hiyohiyo, hata kama harusi ni kesho.