Nani aliyetenda? Kiambishi «ba-» na fasihi ya malalamiko katika lugha zinazodharauliwa

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja la uhakiki: je, lugha isiyopewa heshima ya usanifu yaweza kubeba malalamiko ya kisiasa bila kugeuka mzaha? Huko Naijeria swali hili limekwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 1985 Ken Saro-Wiwa alitia katika diwani yake Songs in a Time of War shairi refu la pijini, «Dis Nigeria Sef». Mwaka 1988 Ezenwa-Ohaeto akatoa diwani yake I Wan Bi President. Kabla yao Fela Kuti alikuwa amewakejeli askari kwa lugha hiyo hiyo katika «Zombie» (1976), na mnamo Februari 1977 wanajeshi wakayavamia na kuyachoma makazi yake mjini Lagos. Walioguswa hawakuona mzaha hata kidogo.

Kwa upande wetu wa Katanga, andiko lililo karibu zaidi na kazi hizo si shairi. Ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Jina lake ladai kuwa ni msamiati, lakini ndani yake mna historia: kuingia kwa wazungu, kuinuka kwa mji, na kazi ya «maboyi» katika nyumba za mabwana. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Kwa kuwa maneno yameunganishwa na kutenganishwa bila kufuata kanuni za shule, ilimlazimu Kalundi Mango kuisoma kwa sauti ndipo sentensi zipate mipaka yake. Jambo hilo lafaa kuzingatiwa. Andiko hili halikukamilika katika karatasi. Linamtaka msomaji alitamke, kama ushairi unavyomtaka.

Sasa tuitazame sarufi, kwani ndiyo kiini cha hoja yetu. Kiswahili cha Katanga husema «bantu» na «batoto» pale ambapo sanifu husema «watu» na «watoto». Aidha, hakipendelei kauli ya kutendwa. Mtu hasemi kwa kawaida «alipigwa». Husema «balimupiga», hata kama hakutaja nani. Lugha za Kibantu zinazotuzunguka hufanya vivyo hivyo. La kushangaza ni kwamba pijini ya Naijeria, iliyozaliwa mbali nasi na kwa mwanzo tofauti kabisa, imefikia mahali pale pale: nayo haina kauli ya kutendwa, na kazi hiyo huachiwa neno dogo «dem».

Tofauti hii si ya umbo peke yake. Sentensi «alipigwa» imetimia bila mtenda. Msikilizaji haoni pengo lolote. Sentensi «balimupiga» yaacha kiti wazi na kuonyesha kwamba yuko mwenye kiti. Kila asikiaye hujiuliza: ni akina nani? Mara nyingi anawajua. Hapo sarufi yenyewe yaanza kushtaki kabla mtunzi hajateua sitiari yoyote.

Yumkini msomaji atapinga kwamba hata Kiswahili sanifu kina «walimpiga», na kwamba umbo lililorithiwa halina siasa ndani yake. Hoja hiyo ina uzito, nasi twaikubali nusu. Umbo peke yake halilalamiki. Lakini mwenye sanifu ana mlango wa pili, naye mwandishi wa taarifa za ofisi huupitia kila siku. Msemaji wa Katanga mlango huo hautumii sana. Zaidi ya hayo, kiambishi «ba-» kina sura mbili. Humshtaki mtenda, na papo hapo humkinga msemaji, maana jina halikutajwa. Katika utawala ambao kutaja jina kulikuwa hatari, kama ule wa Mobutu (1965-1997), kinga hiyo haikuwa jambo dogo. Mhakiki asiione kama ushujaa mtupu, wala asiiite woga.

Tusizisifu kazi hizi kupita kiasi. Saro-Wiwa alisoma Chuo Kikuu cha Ibadan, na Ezenwa-Ohaeto alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Pijini yao ni lugha waliyoichagua, na anayechagua sauti ya wengine yu karibu sana na kuwaigiza. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: je, katika shairi, lugha ya mtaa inamwelekea nani? Ikiwa yamwelekea mwenye madaraka, ni malalamiko. Ikiwa yamwelekea msemaji wake ili wasomi wacheke, ni kichekesho tu. Katika shairi la Saro-Wiwa mnung'unikaji hajitoi katika nchi anayoikemea. Kwa hiyo lapita katika kipimo hiki. Andiko la Yav halihitaji hata kupimwa, kwa sababu aliyelitunga hakushuka kutoka mahali popote ili kulisema.

Jambo hili latuhusu sisi wa Lualaba. Hapa Kasaji, kwenye reli iendayo Dilolo, Kilunda na Kichokwe ni lugha za nyumbani, nacho Kiswahili ni lugha ya soko na safari. Kijana anayetaka kuandika juu ya shaba, kobalti na vumbi la Kolwezi huelekea Kifaransa kwanza. Akijaribu Kiswahili, mwalimu humsahihishia kila «ba-» iwe «wa-», na kila «mu» na «ku» iwe «-ni». Kusahihisha hivyo katika insha ya sarufi ni haki. Kusahihisha hivyo katika shairi ni kubadili shahidi. Taarifa husema: wakazi walihamishwa. Aliyehamishwa husema: «balitutosha mu manyumba yetu». Sentensi ya kwanza ni sanifu na haina mkosaji. Ya pili yamsubiri mkosaji aitike.