Nesty Yuko Wapi Humu?

Juzi nilimsomea mwandishi mwenzangu insha yangu juu ya Anthony Nesty, mwogeleaji wa Suriname. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa huyo Nesty yuko wapi humu?" Nilikasirika. Usiku nikaisoma upya nikaona, lo, kurasa nne zote nimemwandika Matt Biondi.

Si mimi peke yangu. Karibu kila anayesimulia fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo, Seoul 1988, huanzia kwa Mmarekani. Biondi anaongoza. Biondi anaukaribia ukuta, anajikuta katikati ya mapigo mawili, anaona ateleze tu badala ya kutupa mikono tena. Halafu ubaoni: Nesty 53.00, Biondi 53.01. Hebu angalia, ndugu msomaji, vitenzi vinakwenda kwa nani. Anayeongoza ni Biondi, anayekosea ni Biondi, anayepoteza ni Biondi. Mshindi amefanywa kuwa ajali iliyompata mhusika mkuu!

Ipo namna ya pili, na hii sisi ndio twaipenda: kijana mweusi kutoka nchi ambayo wakati ule ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. Ni kweli, na ni tamu. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea kwa mtu mmoja mmoja. Lakini ikisimuliwa hivyo tu, kazi yake inafutika. Nesty alikwisha kushindana Los Angeles mwaka 1984 akarudi mikono mitupu, ndipo akaenda kunolewa katika shule ya Bolles, Jacksonville, Florida. Kwani miujiza hufanyiwa mazoezi?

Mimi sura ninayoitaka ni ile isiyosomwa na mtu. Mwaka 1991, Perth, Nesty akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1992, Barcelona, akaja kutetea dhahabu yake. Pablo Morales alishinda kwa 53.32, Rafał Szukała 53.35, Nesty wa tatu kwa 53.41. Tulia na tarakimu hizo kidogo. Lau angeogelea kama alivyoogelea Seoul, angekuwa bingwa tena, tena bila ubishi wa kucha za vidole. Safari hii hakuna aliyeteleza ukutani. Kilichomshinda ni yule kijana wa miaka minne nyuma, yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeipa shaba ile mstari mmoja, eti haina msisimko! Huo ndio uvivu wetu waandishi vijana: tunadhani hadithi ipo pale kelele zilipo.

Kisha akawa kocha, Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 2021 Katie Ledecky, bingwa wa masafa marefu, alihamia kwake. Mwaka 2024, Paris, Nesty alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani, nchi ya Biondi huyohuyo.

Insha nimeichana. Mpya inaanzia Barcelona, kwenye zile 53.41. Biondi anaingia ukurasa wa tatu, na hakai sana.