Huku ya Salum Abdallah

Redio ya baba ilifukiwa na tope la Katesh, Desemba 3, 2023. Yeye mwenyewe tulimpata mzima, Mungu mkubwa. Tangu hapo huniomba nimtafutie Salum Abdallah kwenye simu.

Mimi nilimhesabu Salum kuwa muziki wa wazee: Cuban Marimba ya Morogoro, bendi iliyojifunza mengi kutoka santuri za Cuba. Sasa nasikiliza maneno. Ni machache. Ukiyaandika karatasini yanasinyaa, na sioni aibu kusema kwamba baadhi ya nyimbo zinabebwa na gitaa tu. Lakini chukua jina hili: Ngoma Iko Huku. Hakusema hapa. Hapa unapaonyesha kwa kidole. Huku ni upande mzima, na anayelitamka yumo humo, anakuita wewe uliye nje. Mtu wa Morogoro, mbali na Dar es Salaam, mbali zaidi na Havana, anasema ngoma iko kwake. Sisi wa Hanang na Mbulu tumezoea kuwa “huko” ya watu wengine.

Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Baba, ambaye Kiswahili alikikuta ukubwani (nyumbani kwetu ni Kiiraqw), humtaja kama jirani aliyehama. Jana usiku umeme ulikatika, akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza mpaka mwisho. Akasikiliza kidogo.

“Haina besi hii,” akasema. “Redio yangu ilikuwa na besi.”