Gurudumu la Mbele Linaposaga: Uchunguzi Kabla ya Spana

Barabara ya kwenda Ubundu haianzii katikati ya mji wa Kisangani. Gari linavushwa kwanza hadi Lubunga, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, ndipo linaingia msituni kufuata upande ule ule inakopita reli ya kilomita 125. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1906, enzi Kisangani ikiitwa Stanleyville na Ubundu ikiitwa Ponthierville, ili abiria na mizigo iyazunguke maporomoko saba ya Boyoma. Gari bovu likilala katikati ya njia hiyo, duka la vipuri liko nyuma ya matope na ng'ambo ya mto. Fundi akiagiza beringi, kumbe kosa liko kwenye hozi ya breki, pesa imekwenda na gari bado limelala palepale.

Matope ndiyo adui wa kwanza wa gurudumu la mbele, na historia ya mashindano ya magari Afrika Mashariki inalishuhudia hilo. Katika Safari Rally ya mwaka 1963, na tena ile ya 1968, mvua iliharibu njia kiasi kwamba ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kila mara. Mara zote mbili Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda wakiwa na Peugeot 404. Yale yalikuwa magari mapya yenye timu za mafundi. Land Rover ya miaka 40 inayobeba mchele, chumvi na abiria wanane haina bahati hiyo.

Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Dramu huficha kila kitu: lainingi, springi, wili silinda, pamoja na mchanga na maji yaliyoingia kwenye kijito cha mwisho. Ndiyo maana fundi mzoefu hamwachii msaidizi afungue nati kabla ya kumhoji dereva.

Swali la kwanza ni moja tu: linalia wakati gani?

Mlio wa kunguruma unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, hata dereva akiweka gia huru, unaelekeza kwenye beringi. Kona huthibitisha. Gari likikata kushoto, uzito hulalia upande wa kulia; mlio ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mkwaruzo wa chuma unaotokea breki inapokanyagwa ni habari nyingine: lainingi imekwisha na chuma kinakula dramu. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka kila gurudumu linapomaliza mzunguko mmoja mara nyingi ni dramu lililopinda, au bamba la nyuma lililogongwa na jiwe hadi likagusa. Na mlio wa kugonga-gonga unaosikika tu usukani ukiwa umekatwa huku gia ya magurudumu manne imeingizwa hutoka kwenye viungio vya ekseli ya mbele, wala si kwenye breki.

Baada ya masikio, ni zamu ya joto. Gari liendeshwe kilomita chache, dereva akijizuia kugusa breki, kisha aliache lisimame lenyewe kwenye mwinuko. Fundi husogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa, akilinganisha kushoto na kulia. Dramu lote likiwa la moto upande mmoja, breki imeng'ang'ania. Joto likiwa kali katikati tu, pale kwenye kofia ya grisi, ni beringi. Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwaka sawa, kosa lina uwezekano mkubwa wa kuwa juu, kwenye masta silinda, na kufungua gurudumu lolote kati ya hayo ni kupoteza muda.

Sasa jeki inaweza kutumika. Kwenye udongo laini wa msituni, ubao mpana huwekwa chini ya jeki, magurudumu ya nyuma yanazibwa kwa mawe, na gogo imara linawekwa chini ya ekseli kabla mtu yeyote hajaingiza mkono. Gia ya magurudumu manne itolewe. Bila hivyo uzito wa giaboksi utamfanya fundi adhani gurudumu limekaza.

Gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi anakanyaga breki na fundi anatikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi iliyolegea, kwa sababu breki imeshika dramu na bamba la nyuma kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, beringi ina nafuu. Kilicholika ni kingipini au mpira wa chuma ambao ekseli inageukia. Jaribio hili halihitaji hata nusu dakika, na ndilo linalorukwa zaidi.

Lakini kosa linalowachosha mafundi wengi ni lile la gurudumu linalokaza safarini na kulegea lenyewe likipoa. Asubuhi linazunguka vizuri, saa sita mchana linanuka, jioni halina tatizo. Hapa uamuzi hutolewa na nipeli ya kutolea hewa. Gurudumu likiwa bado limekaza, fundi anailegeza nipeli ya gurudumu hilo kwa robo zamu. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likafunguka, basi presha ilikuwa imefungwa ndani ya mfumo. Gurudumu likibaki limekaza, presha haihusiki: pistoni ya wili silinda imeshika kutu, springi za kurudishia zimekatika, au lainingi zimekazwa kupita kiasi.

Presha ikishathibitika, linabaki swali la mahali. Safari nyingine gurudumu likikaza, fundi anaacha nipeli na kulegeza kiungio cha bomba kabla ya hozi, upande wa masta silinda. Likifunguka hapo, masta ndiyo inayozuia mafuta kurudi. Lisipofunguka, na likaja kufunguka kwenye nipeli, hozi imekufa kwa ndani. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa, kumbe mpira wake umebambuka na kuacha ulimi mdogo unaoruhusu mafuta yapite kwa nguvu ya mguu wa dereva, kisha unayazuia yasirudi, kwa kuwa springi za breki hazina nguvu hiyo.

Masta silinda nayo ina sababu zake. Ndani yake kuna tundu dogo ambalo mafuta yaliyopanuka kwa joto hurudia kwenye kikombe. Pedali isipokuwa na mchezo kidogo juu, pistoni hairudi mwisho, tundu hilo linabaki limezibwa, na breki hujikaza zenyewe kadiri safari inavyoendelea. Matokeo ni yaleyale mtu akiongeza oili ya injini badala ya mafuta ya breki: mipira ya mfumo mzima huvimba, na kuanzia hapo hakuna kubadilisha kipande kimoja, ni kusafisha mabomba na kuweka mipira mipya kila mahali. Hata mafuta sahihi yana kasoro moja: hunyonya unyevu wa hewa, na katika hali ya hewa ya jimbo hili la Tshopo yakikaa miaka bila kubadilishwa hulisha kutu wili silinda.

Ushahidi ukiangukia beringi, kofia ya grisi hufunguliwa. Grisi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inasema maji yamepita kwenye sili. Rola zilizoiva rangi ya buluu zilikazwa mno. Njia ya rola yenye vishimo vidogo imechoka. Beringi mpya huingia pamoja na ringi yake ya nje, na grisi husukumwa kati ya rola kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Wakati wa kukaza, gurudumu linazungushwa huku nati ikikazwa ili rola zikae, kisha nati inarudishwa nyuma hadi ubaki mchezo mdogo. Kwenye Land Rover ni karibu sehemu ya kumi ya milimita. Nati ya pili na washa ya kufungia hukamilisha kazi.

Volkswagen Beetle, ambayo matoleo yake tangu Agosti 1965 yana beringi za rola mbele, ina mtego wake. Nati ya gurudumu la mbele kushoto hufunguka kinyume, na waya wa spidomita unapita katikati ya ekseli fupi ya gurudumu hilo hadi kwenye kofia ya grisi. Anayelazimisha nati kwa mazoea huikaza zaidi. Faida ya waya huo ni kwamba mshale wa spidomita ukifa siku ileile mlio ulipoanza, uchunguzi una mahali pa kuanzia.

Kabla ya kusafisha dramu, vumbi lake lisipulizwe kwa pampu wala kwa mdomo. Lainingi nyingi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Vumbi hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Kipuri kinapoagizwa Kisangani, jina la gari peke yake halitoshi, kwani gari la zamani limeshapita mikononi mwa mafundi wengi na huenda limefungwa ekseli ya gari jingine. Beringi hubeba namba iliyochongwa kwenye uso wa ringi yake. Fundi anaifuta, anaiandika, anaongeza upana wa sili na urefu wa hozi alioupima kwa futi, na karatasi hiyo ndiyo anayopewa kijana wa pikipiki anayeelekea Lubunga.